Sauti ya Mwanjaa Kinywani mwa Shaba

Alasiri Shaba alipoua kwa mara ya kwanza, mashabiki wake, Weupe na Wekundu, walikuwa wanabishana juu ya jambo jingine kabisa: kama shujaa anaruhusiwa kunenepa.

Kombo Mwinjaka, fundi cherehani na msemaji wa Wekundu, alishikilia kwamba vazi limeanza kumbana Shaba kiunoni na ndiyo maana siku hizi anachelewa kwenye matukio. Yeye ni fundi, akasema, kiuno cha mtu anakijua hata kikiwa ndani ya chuma. Mwanjaa binti Semkiwa, msemaji wa Weupe, alimwacha amalize, akanywa funda la kahawa, kisha akajibu bila kusimama.

"Anachelewa kwa sababu anakuja kukamata. Angekuwa anakuja kuua angewahi. Kuua ni kazi ya mvivu, Kombo, haihitaji kiuno wala pumzi."

Baraza la kushoto likapiga vigelegele. Baraza la kulia likazomea, lakini kwa kicheko, maana hata Wekundu walijua kwamba mjini Tanga hakuna ulimi kama wa Mwanjaa. Hivyo ndivyo yalivyokuwa maisha ya Barabara ya Kumi na Saba. Mabaraza mawili yakitazamana, muuza kahawa katikati, kashata kwenye sinia, na swali moja lililowalisha miaka nenda rudi: Shaba aue au asiue? Weupe walisema asiue. Wekundu walisema aue, tena alichelewa kuanza. Watu walioana kwa swali hilo, na wengine waliachana.

Riziki ndiye aliyeiona skrini kwanza. Alikuwa amekaa ubavuni mwa Mwanjaa kama kawaida yake, kisanduku cha tawi kikiwa mapajani. "Mwanjaa," alisema. "Tazama."

Kwenye skrini ya ukutani kwa Kombo ilionekana reli ya bandarini. Mhina Kaniki alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto. Mji mzima ulimjua Mhina. Aliiba betri za reli, alikamatwa, alitoroka, aliiba tena. Kila akifungwa pingu alicheka mbele ya kamera na kusema neno lile lile: nitarudi. Safari moja aliiba betri za breki, na kiberenge kikaporomoka mteremkoni na dereva wake ndani. Dereva huyo aliitwa Hiza, mume wa Riziki.

Sasa Mhina alikuwa ameinua mikono, viganja wazi, hana kitu. Shaba alisimama mbele yake, mkubwa, vazi lake likimeremeta kwa jua. Kila mtu alingoja kusikia mlio wa pingu. Badala yake kinywa cha vazi kikafunguka, maana sheria inamtaka Shaba atamke sababu kabla ya kutumia nguvu kubwa. Na sheria hiyo hiyo inataka sababu itamkwe kwa sauti ya mwananchi aliyeitoa.

Ikatoka sauti ya mwanamke, laini, yenye madaha kidogo.

"Anayekuahidi kurudi, mwamini. Mmalize angali mikono mitupu, maana ikishajaa umechelewa."

Ngumi ilishuka mara moja tu.

Mwanjaa alikuwa bado ameshika kikombe. Aliisikia sauti ile kabla ya kuielewa, kama mtu anayeitwa jina lake sokoni, akageuka kutafuta nani kaita. Kisha akaona watu wote wanamtazama yeye.

"Wallahi ni yeye!" Kombo aliruka. "Ni Mwanjaa! Hotuba ya Kugeuza Fulana! Jamani, bingwa wetu!"

Wekundu wakavuka barabara mbio. Wakamnyanyua juu juu, yeye na kikombe chake, wakamzungusha wakiimba, na kahawa ikammwagikia kifuani kwenye fulana nyeupe. Alipiga kelele wamshushe, lakini nani angesikia. Weupe wenzake walibaki wamekaa. Salehe, msaidizi wake, alikuwa anazisoma kucha zake.

*

Asiye shabiki ataelezwa hivi. Ndani ya vazi la Shaba kuna Mizani. Mvaaji, ambaye hakuna amjuaye, anaweza kuwa na hasira kiasi chochote apendacho, lakini ngumi yake haiwi nzito kuliko Mizani inavyoruhusu. Na Mizani haikufundishwa na mahakimu wala masheikh. Ilifundishwa barazani. Mji ulipokubali kuwa na Shaba ulitoa sharti kwamba nguvu yake ipimwe kwa hoja za wananchi wenyewe, basi kila tawi la mashabiki likapewa kisanduku kinachosikiliza ubishi na kupima uzito wa hoja na kelele za walioiunga mkono. Kwa miaka yote Mizani ya Tanga ilikuwa haijawahi kuruhusu kifo. Mafundi walisema wazi kwamba mkono unaoizuia ni wa Mwanjaa.

Lakini mashabiki ni watu wa mchezo. Mwisho wa kila msimu huwa na Siku ya Kugeuza Fulana. Kombo huzishona fulana za tawi makusudi, nyeupe upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Siku hiyo kila mtu huigeuza yake na kutetea kwa nguvu zote kile alichokipinga mwaka mzima. Wekundu hulia machozi ya uongo wakiomba huruma. Weupe hudai damu. Anayechekesha na kuchoma zaidi hupewa sahani ya kwanza ya pilau. Na kisanduku, kwa kuwa siku hiyo kila mtu anasema asichokiamini, huzimwa.

Mwaka huu sahani ya kwanza aliila Mwanjaa.

*

Kesho yake alikwenda msibani. Hakualikwa, na hakuna aliyemtuma. Alishindwa tu kukaa nyumbani. Alijifunga kanga mbili, akaingia kwa kina Mhina kule Chumbageni, akakaa ukingoni mwa jamvi pamoja na wanawake wengine.

Mama Mhina alikuwa anasimulia, na ilikuwa dhahiri kwamba ameshasimulia na ataendelea kusimulia.

"Mwanangu alikuwa mwizi. Semeni, mie sikatazi. Nimeshampelekea chakula gerezani mpaka walinzi wakanizoea. Lakini alinyoosha mikono, mmemuona wenyewe. Kisha ikaja ile sauti. Ya mwanamke. Nzuri, jamani! Ndiyo iliyomzika mwanangu kabla ya udongo. Nimeilalia, nimeiamkia. Hata nikiisikia sokoni inauliza bei ya mchicha, nitaijua."

"Dada, hujatuambia jina," mwanamke wa jirani alimwambia Mwanjaa kwa upole. "Wewe wa wapi?"

Mwanjaa alifungua kinywa. Mama Mhina alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Akakifunga, akajikohoza, akaonyesha koo lake kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Masikini, koo," alisema yule mwanamke. "Mleteeni maji."

Akanywa maji ya msiba kama mwizi. Yeye, ambaye tangu shule aliitwa Kasuku, alikaa pale bubu, akampa mfiwa mkono bila kusema pole. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Hapo ndipo aliposikia kelele uani. Kibwana, mdogo wake marehemu, alikuwa anawasukuma wanaume waliojaribu kumtuliza.

"Niacheni! Kaka yangu alisema atarudi, akauawa kwa neno. Basi mie nasema tena, na mji usikie! Nitarudi mie! Nitarudi pale pale relini!"

Alikuwa kijana mpole, fundi wa baiskeli, hajawahi kuiba hata njiti ya kiberiti. Alisema kwa uchungu, kama mfiwa yeyote. Lakini juu ya mlingoti wa taa mbele ya nyumba kulikuwa na sikio la mji, lile duara dogo la kijivu linalomsikilizia Shaba, na Mwanjaa aliliona likigeuka taratibu kumwelekea Kibwana.

Anayekuahidi kurudi, mwamini.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumziba mdomo kijana yule. Mama Mhina naye alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Mwanjaa alijitanda kanga, akapita kati ya watu, akaondoka. Njia nzima alijiambia kwamba anakwenda kutafuta msaada, na ilikuwa kweli, lakini pia alikuwa anakimbia.

*

Mntambo, fundi wa Mizani pale Karakana, alikuwa mtu wa kusema polepole na kusafisha miwani. Alimpokea kwa heshima zote.

"Dada Mwanjaa, sisi hapa tunakujua kwa sauti kuliko kwa sura. Karibu."

"Kaka Mntambo, ile hotuba ilikuwa ya mchezo. Itoe."

"Siwezi kuitoa kwa kuwa umesema."

"Ni maneno yangu!"

"Ni yako, ndiyo. Lakini Mizani haiangalii maneno tu. Kila kikao, mtunza kisanduku hushuhudia kwanza kwamba ni mjadala wa kweli. Bila ushuhuda, kisanduku hakirekodi hata kikohozi. Hotuba yako imeshuhudiwa." Akasita. "Nilidhani unajua."

"Imeshuhudiwa na nani? Siku ile kisanduku kilizimwa. Nilimwona Riziki akikizima."

Mntambo aligusa meza, na ndani ya chumba ikasikika sauti ambayo Mwanjaa aliijua kuliko ya dada zake wa tumbo moja, sauti iliyomwamsha asubuhi za Idi na kumsuta akivaa viatu visivyolingana na kanga. Ilikuwa inanong'ona, karibu sana na kisanduku, na nyuma yake kelele za watu wakicheka.

"Mie Riziki Shemboza, mtunza kisanduku wa Barabara ya Kumi na Saba, nashuhudia. Anayesema sasa ni Mwanjaa binti Semkiwa. Anasema kweli tupu."

Baada ya hapo Riziki alisikika akisema kwa sauti ya juu, kwa furaha: "Haya shoga, simama! Nataka leo uwachome kweli kweli!"

Mwanjaa alimwomba arudie. Alirudia. Akamwomba tena, na safari hii Mntambo alikataa.

"Sikiliza," alisema. "Kuna mambo mawili unapaswa kuyajua. La kwanza, yule kijana, Kibwana, ameshaingia kwenye kipimo. Mizani inampima, na hotuba ile ikiwa bado imo, hakuna hoja mpya itakayoizuia. Kuanzia kesho asubuhi Shaba atakuwa na ruhusa juu yake, popote ndani ya mji. Ruhusa inaishia Pongwe. Hilo siruhusiwi kumwambia yeye, lakini wewe hujafungwa mdomo."

Mwanjaa alikaribia kucheka.

"La pili, ushuhuda hufutika. Aliyeutoa akirudi kwenye kisanduku na kukiri kwamba ulikuwa mchezo, kisanduku kitawauliza waliokuwepo. Wakisema ndiyo kwa sauti, hotuba inatoka siku hiyo hiyo. Waliokuwepo walikuwa wengi?"

"Walikuwepo wote," alisema Mwanjaa. "Mabaraza yote mawili. Wote walivaa fulana kinyume."

"Basi ni kazi ya dakika moja," alisema Mntambo, akavaa miwani yake.

*

Riziki alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, nyuma ya nyumba. Alimwona Mwanjaa akiingia bila hodi, na hakuinuka.

"Ulikiwasha," Mwanjaa alisema.

"Nilikiwasha."

"Ukashuhudia kwamba nasema kweli tupu."

"Kwangu ilikuwa kweli."

Mwanjaa alitarajia akane. Njiani alikuwa ameshamtayarishia visingizio, kwamba alikosea, alibabaika, mtu mwingine aliiga sauti yake. Alikuwa tayari kuvikubali vyote. Sasa alisimama hana cha kushika.

"Riziki, mie ni nani wako? Nani alilala chini na wewe eda nzima? Nani alikulisha uji kwa kijiko? Ungenichukia ungeniambia. Ungetaka kuua ungekwenda na panga lako. Umekwenda kuchukua sauti yangu, ukamuulia mtu, ukarudi kukaa ubavuni kwangu unakunywa kahawa!"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza!"

"Basi namie niseme, maana ukianza wewe mtu hapati nafasi." Riziki aliweka ungo chini. "Nilipotoka eda, siku ya kwanza, nilikuja barazani. Nilitaka kahawa tu. Nikakuta umesimama unabishana na Kombo, umebanwa, huna pa kutokea. Ukaniona. Ukanyoosha mkono: 'Mtazameni Riziki! Amefiwa na mume, na hataki damu!' Baraza zima likalia. Nani alikwambia sitaki damu, Mwanjaa?"

"Hukukataa."

"Ningekataaje? Watu wananishika mikono, wananiita mwanamke wa peponi. Ulinivika msamaha mbele ya kadamnasi nikaona haya kuuvua. Toka siku hiyo kila ukikwama unamfukua Hiza wangu. Umeshinda naye mabishano mangapi? Hata siku moja umewahi kuniuliza, mwenzangu, ndani ya moyo wako mna nini?"

Mwanjaa alitafuta siku hiyo. Aliitafuta kwa haraka, akarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na hakuiona.

"Mna moto," alisema Riziki. "Kila yule mtu akicheka kwenye skrini, mna moto. Mie ningesema aue, wangesema ana uchungu, mwacheni. Mizani isingenisikia. Lakini wewe una ulimi. Nikasema, amenitumia, namie nitamtumia."

Kuku alikuja kudonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza.

"Na sasa mna nini?" Mwanjaa aliuliza hatimaye. Aliuliza kwa ukali, lakini aliuliza.

"Sijui. Nilidhani nitalala."

Mwanjaa akamwambia habari za Kibwana. Riziki alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kibwana ndiye aliyemtengenezea Riziki baiskeli ya Hiza alipotaka kumpa mpwa wake, na alipojua ni ya nani hakudai hata ujira.

"Huyo hakunifanyia kitu," alisema Riziki.

"Basi njoo ukaseme."

"Nikisema, mie ndiye muuaji."

"Ndiyo," alisema Mwanjaa. "Sina namna ya kukulainishia."

Riziki alifunika mchele, akachukua kanga yake, akatoka. Walitembea barabara nzima bila kusemezana, mmoja mbele, mmoja nyuma.

*

Mabaraza yalikuwa yamefurika. Tangu Mhina afe, kila shabiki aliyekuwa ameacha alirudi. Wekundu walimwekea Mwanjaa kiti chenye mto. Alikikataa. Riziki alikiweka kisanduku katikati ya barabara, akakiwasha, na akasema yote. Hakujificha nyuma ya uchungu wake wala hakulia. Alisema alishuhudia uongo, alijua ni uongo, na alitaka Mhina afe.

Minong'ono ilipita. Kisanduku kikawaka taa ya manjano, kikauliza kwa sauti yake kavu: "Waliokuwepo, hotuba hii ilikuwa mchezo?"

"Ndiyo!" alisema Riziki.

"Ndiyo!" alisema Mwanjaa, akageuka kuwapokea wengine.

Hakuna aliyejibu.

Alidhani hawakusikia. "Jamani, semeni ndiyo. Kombo! Wewe mwenyewe ulivaa nyeupe siku ile, ulijifanya unazimia kwa huruma, tukakumwagia maji!"

Kombo alijikuna shingo. "Mie kumbukumbu yangu, Mwanjaa... siku ile palikuwa na kelele nyingi."

"Mie nilikwenda kuswali," alisema mwingine.

"Mie nilikuwa kwenye pilau. Sikusikiliza."

Hao walikuwa Wekundu, na kwa Wekundu hakushangaa sana. Aligeukia baraza lake. Watu aliowafundisha kusema. Watu waliolia kwa hotuba zake, waliobandika maneno yake kwenye milango yao.

"Salehe?"

Salehe aliinuka, akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini ya mtu anayemstahi mwenzake.

"Dada, tuseme ukweli. Tangu jana hakuna nati iliyoibiwa relini. Mke wangu leo kapanda kiberenge bila kushika roho mkononi. Wewe umefanya kitu kikubwa, hata kama hukutaka."

"Salehe, sisi ni Weupe!"

"Ni Weupe, nani kasema si Weupe? Jumamosi tutakuja hapa tutasema asiue, kama siku zote. Nami nitapiga vigelegele kuliko wote." Alimgusa bega. "Lakini ile hotuba iache pale ilipo."

Mwanjaa alimtazama mmoja baada ya mwingine. Kila jicho alilolifikia lilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Akaelewa kwamba miaka yote aliyokuwa akidhani anawashawishi, alikuwa anawaburudisha. Waliupenda ubishi. Walimpenda yeye kama watu wanavyompenda mwimbaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamini. Ilimuuma kuliko kunong'ona kwa Riziki kwenye kisanduku, maana Riziki angalau alikuwa na kaburi.

"Haikuthibitishwa," kisanduku kilisema, taa ikarudi ya kijani. Kilikuwa tayari kwa mjadala.

Ukimya ukavunjika kwa furaha, kama mkutano mzito uliokwisha. Muuza kahawa akagonganisha vikombe. Kombo akapiga makofi.

"Basi mada ya leo ndiyo hiyo! Kibwana Kaniki. Auawe au asiuawe? Weupe mnaanza. Mwanjaa, uwanja wako!"

Baraza la kushoto likamshangilia. Walikuwa wanasubiri kwa hamu, nyuso zao zimechangamka, wengine wakisogea kumpa nafasi. Mwanjaa alizihisi hoja zikija zenyewe, nzuri, zenye makali. Alijua kwamba akizisema zote watapiga kelele mpaka Raskazone, na kesho asubuhi kijana atakufa.

Akaivua fulana ya tawi, akabaki na gauni lake, akaiacha juu ya kisanduku. Akaondoka. Nyuma yake alisikia wanauliza kama hiyo ni mbinu mpya.

*

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika kwa kina Mhina. Wafiwa wa mbali walishaondoka, mlango ulikuwa umerudishwa. Alisimama kibarazani. Safari hii hapakuwa na koo la kusingizia.

"Hodi," alisema.

"Karibu, nani mwenzangu?" Mama Mhina aliitikia kutoka ndani, nyayo zake zikija.

"Mama, naomba unisikilize. Kibwana aondoke Tanga leo hii, avuke Pongwe. Shaba anakuja kwa ajili yake. Mama, nakuapia..."

Nyayo zilikoma. Upande wa pili wa mlango Mwanjaa alisikia pumzi, kisha komeo likasukumwa, na baada ya komeo kitu kizito kikaburutwa sakafuni.

"Umekuja kumchukua na wa pili," Mama Mhina alisema kupitia ubao. Hakupiga kelele. "Mdomo huo huo. Nenda zako. Nenda, mwanamke, kabla sijakulaani."

"Mama, mie si..."

"Usiseme! Usiseme tena mlangoni kwangu!"

Mwanjaa aliuziba mdomo wake kwa kiganja. Alizijua njia zote za kumshawishi mtu, na kila njia ilihitaji sauti ile ile. Angegonga, angeandika, mtu asingefungua. Kibwana alikuwa mle ndani, ukuta mmoja tu kati yao.

Kandambili zikaburura kokoto nyuma yake. Riziki alikuwa amemfuata tokea barazani, mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Akamtazama Mwanjaa, akautazama mlango, akaelewa. Alipanda kibarazani bila kumgusa, na Mwanjaa akashuka kusimama pembeni, asionekane mlango ukifunguliwa.

"Hodi, mama," alisema. "Ni mie Riziki. Mjane wa Hiza, yule dereva wa kiberenge."

Kisha kile kitu kizito kikaburutwa tena, komeo likatoka, na Mama Mhina akatokeza uso uliovimba kwa kilio. Alimtazama Riziki kwa muda. Akaishika mikono yake yote miwili, akaibusu.

"Wewe ndiye uliyemsamehe mwanangu," alisema. "Mji mzima wanakusema kwa wema wako. Ingia, binti yangu. Ingia ndani."

Riziki alikwama kizingitini. Alimgeukia Mwanjaa kana kwamba anaomba amtoe pale, na Mwanjaa, kiganja kikiwa bado mdomoni, alimwonyesha kwa kichwa aingie. Akaingia.

Hazikupita dakika nyingi. Kibwana alitoka na begi mgongoni, mama yake akimsukuma huku akimkumbatia, Riziki nyuma yao akiwa ameelekeza macho chini. Kijana alishuka kibarazani mbio mbio, akamwona mwanamke aliyesimama pembeni, na kwa kuwa alilelewa vyema, hata katika haraka ile alipunguza mwendo.

"Shikamoo, dada."

Mama Mhina alikuwa mlangoni, masikio yote nje; akiisikia sauti ile angemrudisha kijana ndani. Mwanjaa alimtazama kijana machoni. Alikuwa hai, alikuwa anapumua, na alikuwa anangoja jibu.

Hakujibu.

"Dada gani huyu haitikii salamu," Kibwana alisema, akaikaza mikanda ya begi, akashika njia ya Pongwe.